Edmund Chinguile na Neno Ambalo Hakulisema

Lililosemwa kumbini halisemwi nje ya kumbi. Edmund Chinguile wa Kitangari alifundishwa kanuni hiyo akiwa na umri wa miaka kumi, akaishika. Nimewajua watu wengi wa Newala na Masasi waliojigamba kwamba wanaishika. Yeye hakujigamba, aliishika tu.

Kumbi, kwa msomaji asiye wa huku, ni banda la nyasi porini wanamokaa wavulana walioingizwa jandoni. Wakristo wetu hawakuliacha jando. Padri alilibariki kumbi, dawa safi ya vidonda ikaletwa, na nyimbo za matusi zikaondolewa. Hayo yalikuwa mema. Lakini lilifanyika na jambo jingine ambalo sikumsikia mtu akililalamikia. Ili wavulana wasikose masomo, jando lilibanwa liingie ndani ya likizo ya shule. Na ili vidonda vipone upesi, walipelekwa wakiwa wadogo. Babu zao waliingia kumbini sauti zimekwisha kuwa nzito. Edmund aliingia mwaka 1948, bado anabadilisha meno.

Jando lina utaratibu wake. Kwanza wari, yaani wavulana walio kumbini, huimbishwa maneno, na mwishoni, siku chache kabla ya kutoka, hufunguliwa maana yake. Mwaka ule shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu. Kumbi likachomwa moto Jumamosi, kama ilivyo desturi siku ya kutoka, na zile siku za kufungua maana zikawa hazikuwapo. Edmund akatoka na maneno bila maana. Mojawapo lilikuwa umande. "Ukiona umande, kamwambie mjomba." Waliimba hivyo kila asubuhi, nao wamekaa kwenye nyasi zilizolowa kweli, na Edmund akadhani wimbo ule ni wa nyasi.

Baba yake alikuwa mwalimu wa dini, mtu wa kusali na kulima, mwenye maneno machache. Mama yake, Helena, alikuwa kama wanawake wote wa uwandani, huku juu kusiko na maji: alfajiri anashuka bondeni na mtungi, jua likishapanda ndipo anarudi. Mwaka 1951 Edmund alipelekwa shule ya kati ya bweni karibu na Masasi. Alikuwa mtoto wa kutii na mwenye mwandiko mzuri. Alipofika darasa la nane, mwaka 1954, alikuwa wa pili kati ya wanafunzi ishirini na wanane. Mwezi wa Septemba Mwalimu Mkuu angepeleka majina mawili chuo cha ualimu. Kila mtu shuleni aliyajua majina hayo mawili, na la Edmund lilikuwamo. Hakuwa na tamaa nyingine duniani.

Mwezi wa Juni, wakati wa baridi, aliamka asubuhi moja akakuta shuka yake imelowa. Haikuwa mkojo. Alikuwa amelala usingizi mzito na hakukumbuka chochote. Akakaa kitandani, akaitazama ile shuka. Kisha akaikunja, akaenda nayo kisimani kabla kengele haijalia.

Baada ya siku tisa ikawa tena. Halafu tena.

Nieleze hapa kwa maneno yaliyo wazi, kwa sababu ndiyo maneno ambayo hakuna mtu aliyempa. Mvulana akibalehe, mwili wake huanza kutengeneza manii. Mara nyingine mwili huyatoa wenyewe usingizini, kwa ndoto au bila ndoto, bila mwenyewe kutaka na bila kuweza kuzuia. Wengine hupatwa mara nyingi, wengine kwa nadra, wengine hawapatwi kabisa, na wote ni wazima. Si ugonjwa. Jambo hilo halipunguzi damu wala nguvu wala akili. Si dhambi pia, maana hakuna dhambi pasipo kukusudia. Ndugu zetu Waislamu wanalijua hilo vizuri: mtoto akiamka hivyo huambiwa aoge josho lake asali, na jambo limekwisha.

Edmund hakuambiwa lolote. Akajifundisha mwenyewe, na mtu anayejifundisha akiwa na hofu hujifundisha vibaya.

Siku hizo watu wengi walikuwa wamerudi kutoka shamba la karanga la Nachingwea, na baadhi yao walirudi na kisonono. Mwalimu wa afya alikuwa amesimama mbele ya darasa, akasema kwamba dalili yake ni uchafu unaotoka sehemu za siri, na kwamba ugonjwa huo humwingia mtu mzinzi. Alisema maneno hayo kwa haraka huku akitazama dirishani, kisha akafuta ubao, ingawa hakuwa ameandika kitu. Edmund alikuwa ameyaandika yote kwenye daftari lake. Sasa akayasoma upya.

Akaanza kujichunguza. Sauti yake ilikuwa ikikatika katikati ya zaburi, na kiongozi wa kwaya alikuwa amemwambia afunge mdomo afuate kwa macho. Kifua chake, upande wa kushoto, kilikuwa na kivimbe kidogo chenye kuuma, na akaogopa kwamba anaota ziwa kama mwanamke. Mambo hayo nayo ni ya kawaida kwa umri ule. Sauti hutulia, kivimbe hupotea chenyewe. Yeye aliyaunganisha yote na shuka, akapata jibu moja: anaoza.

Akajitungia dawa. Aliona kwamba kinachotoka ni maji, basi asinywe maji. Mchana alikunywa mafunda mawili, jioni hakunywa kabisa. Katika siku kumi midomo ilipasuka, na akaanza kusikia moto anapokojoa. Moto huo ulitoka kwenye kiu, lakini yeye aliuona kuwa ushahidi.

Jirani yake wa kitanda alikuwa Safari, mtoto wa Chiungutwa, mcheshi, asiyejua kunong'ona.

"Wee Edmund," alisema asubuhi moja, bweni zima likisikia, "umeajiriwa udobi? Kila siku shuka, shuka! Nifulie na yangu, nina senti tano."

"Fua mwenyewe."

"Aa, bwana dobi kakasirika! Au unakojoa? Sema tu, tukutafutie winda la kitoto ulalie."

Bweni likacheka. Edmund hakucheka wala hakukasirika. Akaichukua shuka akaenda. Safari hakuwa mtoto mbaya. Yeye mwenyewe, kama alivyokiri miaka mingi baadaye, alikuwa akiamka hivyo hivyo na kuigeuza shuka upande wa pili. Lakini hilo halikusemwa bwenini.

Jumapili ikaja. Edmund aliona hawezi kupokea Komunyo akiwa mchafu, akabaki kwenye benchi wenzake walipokwenda mbele. Jumapili ya pili akabaki. Ya tatu akabaki. Kwa kijana wa mwalimu wa dini, hilo halikosi kuonekana. Kuungama nako kulimshinda, kwa sababu hakujua ataungama nini. Hakutenda kitu.

Mwishoni mwa Julai akaomba ruhusa, akaenda kwenye dispensari ndogo upande wa sokoni Masasi. Dresa, yaani mganga msaidizi, wa zamu alikuwa Halfani, mtu mwepesi wa mikono, na mbele yake siku hiyo walikuwapo wagonjwa arobaini.

"Shikamoo."

"Marahaba. Una nini, kijana?"

"Natoka uchafu."

"Wapi?"

Edmund akatazama sakafu. "Mbele."

"Ukikojoa kunawaka moto?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Haya. Geuka."

Akapigwa sindano. Halfani akaandika kwenye kadi neno moja, kisonono, akaipiga muhuri na kumpa airudishe shuleni kama ilivyokuwa desturi. Hakuuliza ule uchafu hutoka wakati gani. Angeuliza, angecheka akampa kikombe cha maji. Edmund naye hakuwa na neno jingine la kutumia. Alitumia neno uchafu kwa sababu ndivyo alivyouona, na kwa dresa neno hilo lina maana moja tu: usaha. Aliisoma kadi njiani. Hakulia. Aliniambia baadaye kwamba hakusikia chochote, isipokuwa alitambua kuwa viatu vya mtu aliyetangulia mbele yake havifanani.

Mwalimu Mkuu aliitwa Cecil, mzaliwa wa Unguja, mtu wa haki na mwenye watoto wanne. Hakuwa mtu wa jando la huku, wala hakupenda kulisikia likitajwa. Alipoisoma kadi alimwita Mwalimu Bartholomayo akae naye kama shahidi, kwa kuwa Bartholomayo alitoka Kitangari na alikuwa akimwita kijana huyu mwanangu. Alikuwa na haki ya kumwita hivyo. Mwaka 1948 yeye ndiye aliyekuwa kungwi, mlezi wa wari kumbini, na wimbo wa umande ni yeye aliyewaimbisha.

"Mwanamke ni nani?" Cecil aliuliza.

"Hakuna, Mwalimu."

"Kisonono hakiletwi na upepo, Edmund."

"Hakuna, Mwalimu."

"Jumapili tatu hukwenda Komunyo. Kwa nini?"

"Nilikuwa mchafu."

Cecil akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Amesema mwenyewe."

Bartholomayo aliishi nyumba iliyo karibu na kisima. Kwa wiki saba alikuwa amemwona kijana huyu alfajiri, peke yake, akifua shuka. Alikuwa mtu mzima, na alijua maana ya mvulana wa miaka kumi na sita kufua shuka alfajiri. Angeweza kulisema jambo lile palepale kwa Kiswahili cha kawaida. Lakini kulisema mbele ya mtu asiye wa kumbi kungekuwa kulifungua neno nje ya kumbi. Basi akajaribu njia ya pembeni.

"Mwanangu, unajua mimi ni nani kwako?"

"Najua, Baba."

"Kumbini, kila asubuhi, mlikuwa mkiimba nini?"

Edmund akainua macho. Akamtazama Cecil, mgeni, aliyeketi mezani na kalamu mkononi. Akafikiri kwamba anapimwa. Akafikiri, na hili alinieleza kwa uhakika kabisa, kwamba yote mengine yamekwisha kupotea, na lililobaki ni kuonyesha kwamba angalau kanuni hii moja hakuivunja.

"Hayo hayasemwi hapa, Baba."

 Bartholomayo akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi.

"Mnazungumza nini?" Cecil aliuliza.

"Ni mambo ya kwetu tu, Mwalimu Mkuu."

"Yanahusu kesi hii?"

Bartholomayo aliitazama ile kadi mezani. "Hapana," alisema.

Nimemsikia mtu akimtetea Bartholomayo kwamba alibanwa kati ya kazi na mila. Simtetei. Mtoto aliyefungwa na kanuni ana udhuru, kwa kuwa hajui kanuni imewekwa kulinda nini. Mkubwa aliyeiweka anajua. Heshima ya kumbi ipo ili mvulana afike utu uzima salama. Ikitumika kumzamisha mvulana, si heshima tena. Na Cecil naye, baba wa watoto wanne, simpi udhuru. Alikuwa na haya ya kuuliza swali moja: lini? Wanaume watatu wazima, dresa na walimu wawili, waliona aibu kuuliza swali la neno moja, na aibu yao wakaiita adabu.

Jina la Edmund lilifutwa kwenye daftari la shule siku ya Alhamisi. Safari alimbebea sanduku hadi barabarani. Hakuwa na mzaha siku hiyo. "Utaandika barua?" aliuliza. Edmund alisema ndiyo, na hakuandika.

Kitangari, baba yake aliisoma barua ya shule, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha sala. Hakumpiga. Hakumuuliza. Kuanzia siku hiyo alimwambia lete jembe, funga mbuzi, na hakuna zaidi. Edmund alilima. Alikula alichopewa. Mama yake alisema ilikuwa kama kuishi na mtu aliyesafiri akaacha nguo zake zikitembea.

Lakini shuka zilikuwa bado zinalowa, na uwandani hakuna kisima cha kufichia shuka. Maji ya Kitangari hupandishwa kichwani kutoka bondeni, na kila mwanamke anajua mtungi wake una kata ngapi. Helena akaona maji yanapungua alfajiri. Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akamfuata kaka yake, Sijaona, nyumbani kwake ng'ambo ya mikorosho.

"Kaka, mpwa wako ananimalizia maji."

"Ananawa nini?"

"Hanawi. Anafua shuka. Mwezi mzima sasa."

Sijaona aliacha kupalilia. "Shuka? Alfajiri?" Akalitupa jembe. "Na wamemfukuza mtoto shule kwa hilo?"

Kwa watu wetu, mjomba ndiye mwenye mtoto katika mambo haya. Sijaona alimchukua Edmund, wakaenda hadi mwisho wa shamba, na hapo, palipokuwa na mikorosho tu, akamfungulia maana ya wimbo. Alimweleza kwamba umande ni ule. Kwamba naye ulimjia, na baba yake, na padri, na Mwalimu Mkuu wa Unguja pia. Kwamba hauna uhusiano na kisonono, ambacho hutoka mchana na usiku, hufuatana na usaha na maumivu, na humpata aliyelala na mwenye ugonjwa. Kwamba anywe maji. Sijaona alikuwa mtu wa utani, akajaribu kumchekesha.

"Mimi ule wa kwanza nilidhani nimekojolewa na paka. Nikamfukuza paka wa bibi yako nyumba nzima!"

Edmund alimsikiliza kama mtu anayesomewa barua ya jirani.

"Umenielewa, mpwa wangu?"

"Nimeelewa, Mjomba."

"Sasa mbona hucheki?"

"Nimeelewa, Mjomba."

Siku ya pili walianza safari kwenda Masasi kwa miguu, mjomba mbele, mpwa nyuma. Walishuka uwanda, wakalala njiani, wakafika shuleni siku ya tatu. Ilikuwa katikati ya Septemba. Sijaona alimweleza Mwalimu Mkuu jambo lote kwa maneno mafupi, akiwa amesimama. Cecil alisikiliza, na uso wake ukabadilika. Ukweli lazima usemwe: alielewa mara moja, na alisikitika.

"Kwa nini hakusema?" aliuliza.

"Alifundishwa asiseme."

"Na ninyi mliomfundisha, kwa nini hamkusema?"

"Ndiyo nimekuja kusema."

Cecil alifungua daftari, akalifunga. Majina yalikuwa yamekwenda wiki iliyopita. Taarifa ya tabia ya Edmund ilikuwa imekwenda pia, ofisi ya elimu, pamoja na ile kadi. Alisema angeandika barua, na aliiandika. Jibu lilikuja mwezi wa Novemba kwamba mwanafunzi aliyefutwa kwa sababu ya tabia hawezi kupokelewa chuo chochote cha ualimu katika jimbo. Mwalimu Bartholomayo siku hiyo alikuwa darasani. Hakutoka nje, na wao hawakumwita.

Edmund alirudi Kitangari akapanda mikorosho. Alijifunza useremala kidogo, akawa anatengeneza madirisha. Padri alipopita alimwambia wazi kwamba hakuwa na dhambi na aende Komunyo. Edmund alishukuru, akaendelea kukaa benchi la mwisho mpaka Pasaka ya mwaka 1959. Mwaka uliofuata alimwoa Isabela, binti wa jirani, mwanamke mwenye subira. Wanaishi vizuri. Si mtu wa huzuni. Ukimsalimu anaitikia, ukimuuliza anajibu, na akimaliza kujibu anangoja uondoke.

Nilimuuliza kuhusu mdogo wake Walter, aliyetoka kumbini mwaka 1957, naye akiwa mtoto wa miaka kumi. "Umemweleza?"

"Ana mjomba," alisema.

"Mjomba akifa?"

Alipiga randa ubao mara mbili, akapuliza vumbi. "Nitamweleza," alisema. Sijui kama alimweleza.

Nafasi yake ya chuo alipewa mwanafunzi aliyekuwa wa tatu, ambaye sasa ni mwalimu Newala. Ukimya ule, wake na wa wakubwa wake, ulimgharimu Edmund Chinguile ualimu, na karibu miaka mitano bila Komunyo.